Kutoka Ipogolo Hadi Kalenga

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Mbeya, akiisha kuukwea mlima wa Kitonga nyuma ya msururu wa malori, na kuipita Ilula na magenge yake ya nyanya na vitunguu, hufika mahali ambapo njia kuu huteremka bondeni kuukabili mto Ruaha Mdogo, na mahali hapo ndipo Ipogolo. Sura yake ni ya kituo kuliko ya maskani: malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga kandokando, bodaboda zinagombea abiria, wachuuzi wa mahindi ya kuchoma na karanga wanakimbilia madirisha ya mabasi, na moshi wa chipsi unachanganyika na harufu ya breki zilizopata moto. Upande wa kaskazini umesimama mlima wa mawe, na juu ya mlima huo umekaa mji wa Iringa, ambao mtu aliye chini hauoni sawasawa. Na kwa kuwa njia kuu haikuupanda mlima bali iliupita ubavuni, watu wasio na idadi huikanyaga ardhi ya Iringa kila mwaka, wakala mahindi yake na kunywa chai yake, kisha wakaendelea na safari zao bila ya kuuona mji wenyewe.

Katika Ipogolo hiyo nilikuwa mgeni wa mzee mmoja, Mhehe wa umri mkubwa na maneno machache, ambaye nyumba yake imejitenga kidogo na kelele za barabara. Jioni zake huzimaliza barazani kwa chai ya maziwa na kwa kusomewa, maana macho yake yamepungua nguvu. Nami nilikuwa nimechukua safarini kijitabu cha taarikhi ya kijiji kimoja cha mashambani huko Uingereza, kitabu cha namna ile ambayo Waingereza huipenda mno, ambamo mwandishi hueleza kilima hiki na kijito kile, kanisa lilijengwa na nani na kengele yake ilisubiwa mwaka gani, na ambamo mara nyingi mambo huanza na lile daftari kubwa la mwaka 1086, ambalo mfalme William aliyeishinda nchi yao aliamuru liandikwe ili ajue kila kijiji kina plau ngapi, vinu vingapi, na kodi yake ni kiasi gani. Nilimsomea kurasa kadhaa, na kwa ghera ya mtu apendaye vitabu nikamwambia kwamba kwa Waingereza hata kijiji chenye nyumba ishirini kina kitabu chake.

"Na Kalenga umefika, mwanangu?" akaniuliza.

"Sijafika, baba."

"Basi usinisomee tena habari za hao mpaka ufike Kalenga. Si mbali."

Ama kwa hakika si mbali, kwani kutoka mjini Iringa hadi Kalenga ni kama kilomita 15, nayo iko katika njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Asubuhi iliyofuata nilipanda mlima kwa daladala, katika baridi kavu ya mwezi wa Julai ambayo watu wa pwani tunaisikia mpaka mifupani ilhali wenyeji wanaiona kuwa hali ya hewa ya kawaida, nikashuka mjini kubadili gari. Sitausimulia sana mji huo, ijapokuwa unastahili masimulizi yake: soko la zamani lingaliko, mwamba wa Gangilonga ungali unautazama mji kutoka juu, na jengo la zamani la boma limegeuzwa kuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Jambo moja tu la mji huu linaihusu safari yangu, nalo ni kwamba mji wa Iringa si mkongwe. Uliasisiwa na Wajerumani mwaka 1896, na jina lake haukuzaliwa nalo. Jina hilo lilikuwa la makao makuu ya Wahehe kule bondeni, na Wajerumani walipolihamisha jina kulipeleka juu, ramani zao zilikuwa kwa muda na Iringa ya Kale na Iringa Mpya, mpaka ile ya kale ilipoachwa iitwe Kalenga na mpya ikabaki na jina peke yake. Hiki ni kitu cha kwanza ambacho Kalenga ilichukuliwa, wala hakikuwa cha mwisho.

Hiace ya kwenda huko ilijaa kabla sijapata nafasi ya kunyoosha miguu: akina mama na madumu matupu yaliyoleta maziwa mjini, kijana aliyebeba pampu ya maji mapajani kama mtoto mchanga, na wanafunzi waliokwisha kufunga shule. "Kamwene," huamkiana kila aingiaye na waliokwisha kukaa, na salamu hiyo haimbagui mgeni. Njia inateremka kuelekea magharibi, miamba mikubwa ya mviringo imekaa huku na huku juu ya vilima, na kadiri tunavyoshuka ndivyo bonde linavyofunguka, mpaka upande wa kushoto na wa kulia pakawa na mashamba.

Kalenga yenyewe, mtu akiitazama kwa mara ya kwanza, haimwambii neno. Nyumba zake ni za matofali ya kuchoma, ambayo udongo mwekundu wa huku unayatoa kwa ukarimu, zimeezekwa bati. Yako maduka machache, makanisa, shule, uwanja wa mpira. Mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yalikuwa yamesimama makavu mashambani, lakini karibu na mto palikuwa kijani kitupu, kwa kuwa huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au karibu yake, na mtu asiye na maji ya mto hana la kulima mwezi wa Julai. Ulanzi, ile pombe ya mianzi inayowafanya Wahehe watajwe mbali, nao huja na mvua. Kwa hiyo yeyote atakaye kuuonja ukiwa mtamu asije kwa wakati niliokuja mimi. Mto wenyewe ni ule ule Ruaha Mdogo niliolala kando yake kule Ipogolo, ambao baada ya kuzunguka vilima hivi hushuka hadi Pawaga kuungana na Ruaha Mkuu, na maji yake yakaishia kuzungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Hivyo huenda mtu aliyewasha taa yake Dar es Salaam amepata kuimulika nyumba yake kwa maji yaliyopita Kalenga, asijue.

Mtu mwenye jicho la vita angeliona bonde hili kwa namna nyingine. Maji hayakauki, malisho yapo, ardhi inazaa, na vilima vinalizunguka bonde pande nyingi. Sifa hizo ndizo zilizoifanya kuwa makao ya dola. Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga, ndiye aliyeziunganisha himaya ndogondogo za nchi hii kuwa umoja mmoja kabla ya kufa kwake yapata mwaka 1879. Na baada ya fitina na vita vya urithi, utawala ukamfikia mwanawe, Mkwavinyika, ambaye sisi sote tunamjua kwa jina la Mkwawa. Misafara ya pembe za ndovu ilipita katika nchi yake na kulipa hongo, wafanya biashara wa pwani walifika mpaka barazani pake, na bunduki na baruti zikaingia pamoja na nguo. Wahehe wa zamani hawakuwa wajenzi wa mawe. Nyumba zao zilikuwa tembe, ndefu na za dari bapa zilizosiribwa udongo. Walakini Mkwawa alipotaka boma la makao yake aliliamuru lizungushiwe ukuta wa mawe.

Hapa taarikhi ya kijiji inatoka nje ya kijiji, na sharti nami nitoke nayo. Mwaka 1891 Emil von Zelewski, jemadari wa majeshi ya Wajerumani, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa Pangani akiwaudhi wenyeji kwa kiburi hata vita vikawaka pwani nzima, aliingia Uhehe na msafara mrefu. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, mashariki ya mji wa Iringa wa leo, Wahehe waliokuwa wamelala majanini waliinuka wote kwa pamoja, na kwa muda mfupi sana Zelewski mwenyewe akauawa, na Wazungu tisa pamoja naye, na takriban askari 250, na wapagazi karibu 100. Wasimulizi hupenda kuishia kwa Zelewski. Mimi huwafikiri zaidi wale wapagazi, watu wa pwani na bara waliobeba mizigo kwa ujira mdogo, waliokufa katika ugomvi usiowahusu, wala hakuna jina lao hata moja lililochongwa katika jiwe lililosimama Lugalo. Bunduki kama 300 na mizinga mitatu ilichukuliwa na kupelekwa Kalenga.

Iliwachukua Wajerumani miaka mitatu kurudi na nguvu ya kutosha. Safari hii alikuja gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, na pamoja naye Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Na tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga liliingiwa, watu wakapigana nyumba kwa nyumba mpaka likaanguka. Nilipokuwa nimesimama bondeni nikivitazama vilima, nilielewa jambo ambalo vitabu havikunielewesha. Aliyeujenga ukuta huu alikuwa akiwaza adui wa mikuki na magobore, ajaye kwa miguu mpaka chini ya ukuta. Adui wa namna hiyo asingaliupita. Lakini kwa adui mwenye mizinga, vilima vilivyokuwa ulinzi vinageuka kuwa ngazi. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ilipigwa kutoka kilima cha Tosamaganga, ambacho baadaye kilichukuliwa na wamisionari wa Kikatoliki, na ambacho leo kina kanisa kubwa, shule na hospitali, nacho kinaonekana kutoka Kalenga bila ya kukaza macho.

Ukuta ulibomolewa. Kilichosalia ni kidogo: safu fupi ya mawe hapa, tuta pale lililoota nyasi, ambalo mtoto wa shule alinionyesha kwa kidole na kusema, "Ndiyo yenyewe hiyo, shikamoo," akakimbia. Yeyote ajaye hapa akitarajia ngome kama ya Kilwa au ya Mombasa atarudi amehuzunika.

Mkwawa hakukamatwa. Kwa muda wa miaka karibu minne alizunguka katika nchi yake mwenyewe, akiwindwa, ilhali raia zake wakimlisha na kumficha. Wajerumani waliweka rupia 5,000 juu ya kichwa chake, fedha ambayo ingemtajirisha mtu na ukoo wake wote. Walimtawaza ndugu yake, Mpangile, mwezi Desemba 1896, na hata miezi mitatu haijatimia wakamnyonga kwa kumshuku kuwa anashirikiana na nduguye. Mwishowe, tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alipoona amefikiwa alijipiga risasi kuliko kuingia mikononi mwa waliomfuata. Askari wa Kijerumani aliyeifikia maiti aliamuru kichwa kikatwe.

Makumbusho ya Kalenga ni jengo dogo, na mtu anayekwenda kwa haraka atalimaliza kwa dakika chache. Ndani mna mikuki, marungu na vitu vingine vya zama zile. Na katikati, ndani ya sanduku la kioo, mna fuvu. Mlinzi, mtu mzima mpole aliyenitaka kwanza niandike jina langu katika daftari la wageni, alisimama pembeni kimya akaniachia nafasi, kisha akaanza kusimulia. Nami nitasimulia kwa maneno yangu, kwa kuwa sidhani kama katika kijitabu chochote cha kijiji cha Uingereza mna habari inayofanana nayo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiiongoza nchi kwa niaba ya Waingereza, aliishauri serikali yake idai fuvu la Mkwawa kutoka Ujerumani, kuwafurahisha Wahehe waliowasaidia Waingereza vitani. Shauri hilo likapita, likapanda kutoka meza moja hadi nyingine, mpaka likaingia katika mkataba wa Versailles uliotiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, mkataba ule ule ulioigawa dunia upya na kuiondolea Ujerumani makoloni yake yote. Katika kifungu cha 246 Ujerumani ilitakiwa, katika muda wa miezi sita, kurejesha vitu viwili: kwa mfalme wa Hijazi, msahafu wa asili wa Khalifa Uthman, ambao ulisemekana kwamba Waturuki waliuondoa Madina na kumtunukia Kaisari; na kwa serikali ya Uingereza, fuvu la Sultani Mkwawa. Msomaji Mwislamu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa msahafu huo ni kitu gani. Kuona kwamba waandishi wa mkataba, katika kasri la wafalme wa Ufaransa, waliuweka katika kifungu kimoja na kichwa cha mtu wa Kalenga, kulinifanya nisimame mbele ya kile kioo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Miezi sita ilipita, na miaka 30 ikapita. Wajerumani walijibu kwamba hawana yakini kama fuvu hilo lilipata kufika kwao. Baada ya vita vya pili, Sir Edward Twining, gavana wa Tanganyika, alilifufua shauri hilo, na mwaka 1953 akaenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, ambako aliambiwa kuna mafuvu kama 2,000, na kati yao 84 yametoka Afrika Mashariki. Kabla ya hapo vichwa vya watu wa ukoo wa Mkwawa vilikuwa vimepimwa, upana kwa urefu. Na kwa kufuata kipimo hicho, na kwa alama ya risasi, fuvu moja likachaguliwa. Tarehe 19 Juni 1954 Twining alilikabidhi hapa Kalenga, mbele ya maelfu ya watu, kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Gavana alikuwa na hesabu zake, kwani zama zile utawala uliwategemea machifu, naye alitaka mapenzi yao. Lakini siku 18 tu baada ya sherehe ile, tarehe 7 Julai, ikazaliwa TANU, na hesabu zote za namna hiyo zikaharibika.

Fikra yangu ilikwenda kwa yale mafuvu mengine 83. Hayo pia yalikuwa vichwa vya watu, yalitoka vijijini mwa watu, na kwa kuwa wenyewe hawakuwa masultani hakuna mkataba uliowataja.

Nilipotoka nje nilionyeshwa makaburi ya ukoo. Hapo amelala Sapi, mwana wa Mkwawa, na hapo amelala Adam Sapi Mkwawa, aliyefariki mwaka 1999. Huyu wa pili alikuwa Spika wa Bunge letu tangu mwaka 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya umri wa nchi hii, aliyekuwa akiwaambia wabunge nani aseme na nani akae alikuwa mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa kwa kukataa kuamrishwa. Kaburi lake halina kishindo.

Kwenye njia kuu ya Hifadhi, hatua chache kutoka hapo, magari ya watalii yalikuwa yakipita na vumbi lake, yamejaa watu waliovaa kofia za jua, wakienda kuwaona tembo wa Ruaha, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1964. Katika muda niliokaa sikuliona hata moja likipunguza mwendo. Kalenga haikulalamika. Imekwisha kuzoea kwamba vitu vyake viko kwingine: jina lake limo mlimani, boma lake lililoitwa Lipuli limebaki kuwa jina la klabu ya mpira ya mjini, Mkwawa ni chuo kikuu kishiriki na mitaa katika miji mingi, na Lugalo, ushindi ulioletwa hapa kwa bunduki 300, ni jina la kambi ya jeshi na hospitali yake huko Dar es Salaam. Kijiji cha yule Mwingereza kilihifadhi mambo yake katika kanisa lake na daftari lake. Mambo ya Kalenga mtu huyatafuta Berlin, Bremen, London, Versailles na Lugalo, kisha akija Kalenga yenyewe huonyeshwa kioo, makaburi na tuta la nyasi, na akina mama wanaomwagilia vitunguu.

Nilimwuliza yule mlinzi, kwa adabu, kuhusu ikhtilafu ya wataalamu wasemao kwamba kipimo cha kichwa si ushahidi, na kwamba huenda aliye ndani ya kioo ni mtu mwingine. Hakukasirika.

"Hilo huulizwa na wageni, ndugu yangu," akasema. "Wenyeji wana swali lao. Wanauliza kwa nini kichwa kiko huku na kiwiliwili kiko Mlambalasi."

Nikamwuliza Mlambalasi ni umbali gani. Akasema ni njia hii hii, mbele, ambako kuna kaburi na mapango ya mawe ambayo wasomi wamechimbua mifupa ya watu wa kale zaidi ya Mkwawa kwa maelfu ya miaka. Magari ya Idodi hupita karibu nako, lakini hupita asubuhi, na kwa saa ile nisingepata ila lori la mchanga, kama dereva wake ni mwungwana. Nikaenda kusimama kando ya barabara kulingoja.